Jumapili ya Taratibu Aldworth: Kanisa la Majitu na Pabu ya Kijijini

Kijiji cha Kiingereza kina nyumba mbili ambazo mgeni huingia bila kualikwa: kanisa na pabu, yaani nyumba ya bia ya kijijini. Zilizobaki zina ua wa maua, mlango uliofungwa na pazia. Wengi wetu tulioko huku Uingereza tunaujua mji, tunazijua kazi za ghalani, hospitali na vituo vya basi, ila nyumba hizo mbili za shamba tunazipita kwa nje tukidhani si zetu. Naandika mwongozo huu kwa sababu naamini tunakosea. Hodi yako itaitikiwa, mradi ujue upige wapi, saa ngapi, na ukishaingia ukae vipi.

Nimechagua Aldworth, kijiji kidogo kilicho juu ya vilima vya chaki vya Berkshire, magharibi ya mto Thames. Mimi nakaa Reading, na nimekwenda huko majira yote ya mwaka, peke yangu na kwa kufuatana na watu: shemeji aliyekuja kutoka Tanga, jamaa wa Mombasa asiyegusa pombe, watoto wa rafiki waliolalamika njia nzima mpaka walipoyaona Majitu. Kanisani kuna sanamu tisa za mawe za karne ya 14, na hizo ndizo Majitu yenyewe. Pabu yenyewe, The Bell Inn, iko mikononi mwa ukoo mmoja kwa zaidi ya miaka 250. Kutoka moja hadi nyingine ni mwendo mfupi wa miguu.

Saa zote humu ni za kwetu. Saa sita mchana ni adhuhuri, na kwenye ratiba ya treni itaandikwa 12:00.

Kuchagua siku na kupanga saa

Panga safari nzima ukianzia saa za pabu, kwa kuwa hapo ndipo watu wanapokwama. Jumapili Bell hufunguliwa saa sita mchana, hufungwa saa tisa alasiri, kisha hufunguliwa tena jioni. Jumatatu imefungwa. Zamani pabu zote za Uingereza zilifungwa mchana kwa lazima ya sheria. Katikati ya juma kizuizi hicho kiliondolewa mwaka 1988, na Jumapili mwaka 1995. Nyingi sasa hazifungi mchana, lakini hii imeshika desturi yake. Piga simu siku chache kabla uhakikishe saa hazijabadilika. Mara yangu ya kwanza nilifika saa tisa na dakika kumi, nimelowa mvua, nikala ndizi yangu nimesimama nje. Tangu siku hiyo napanga kuwa kanisani saa tano na nusu na pabuni saa saba kasoro.

Ukitaka kusali huko, usidhani kila Jumapili kuna ibada. Makanisa ya vijijini hugawana kasisi mmoja, naye huzunguka, Jumapili hii kijiji hiki, ijayo kile. Tazama ratiba kwenye tovuti ya A Church Near You, ambayo ni ya Kanisa la Uingereza lenyewe. Kama shida yako ni kuangalia tu, Jumapili isiyo na ibada ndiyo nzuri zaidi, maana utalipata kanisa kimya.

Kuhusu majira, Mei hadi Septemba ni rahisi: jua linachelewa kuzama, bustani ya pabu inakalika, na kiwanja cha kriketi kiko palepale jirani. Mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei misitu ya huko chini huwa zulia la maua ya buluu. Desemba giza huingia kama saa kumi alasiri, kwa hiyo anza mapema. Mimi nitakwambia ukweli wangu: niliyoipenda kuliko zote ilikuwa Jumapili ya Februari, baridi kali, moto wa kuni ukiwaka pabuni na madirisha yakitoka jasho.

Treni

Stesheni yako ni Goring & Streatley. Kutoka London panda Paddington hadi Reading, kisha badilisha, uchukue treni ya kusimama kila kituo inayopita Tilehurst na Pangbourne. Kutoka Reading ni kama robo saa. Angalizo moja: reli ya Elizabeth inaishia Reading. Usigonge kadi ya benki Paddington ukaendelea kwa kutumaini tu; nunua tiketi inayofika Goring & Streatley tangu mwanzo. Mkiwa watu 3 hadi 9 mnaosafiri pamoja, ulizia GroupSave, hupunguza theluthi moja ya nauli saa zisizo za msongamano.

Jumapili ndiyo siku ya matengenezo ya njia. Jumamosi jioni tazama tovuti ya reli ya nchi, National Rail, kama treni zinakwenda au wameweka mabasi. Mabasi huongeza saa nzima, na saa hiyo ndiyo itakayokula muda wako wa pabu.

Ukishuka, shika barabara ya kuelekea mtoni. Dakika kumi hivi uko juu ya daraja la Thames. Nyuma yako ni Goring, iliyo Oxfordshire; mbele ni Streatley, iliyo Berkshire. Simama hapo. Mto umekata vilima vya chaki katikati kama kisu, Chiltern upande mmoja na vilima vya Berkshire upande wa pili, na wewe uko kwenye mwanya wenyewe. Walioinukia na muziki wa miaka ya 1980 watapenda kujua kwamba George Michael alikuwa na nyumba hapa Goring, na ni hapa alikofariki siku ya Krismasi 2016.

Kupanda kilima kwa miguu

Kutoka stesheni hadi Aldworth ni kilomita 6 hivi. Mwenye miguu ya kawaida atatumia saa moja na nusu hadi mbili, kwa sababu sehemu kubwa ni mpando. Iko barabara ya lami, B4009, inayokwenda moja kwa moja. Usiifuate kwa miguu. Ni nyembamba, haina njia ya waendao kwa miguu, na magari hutokea kwenye kona bila kukuona.

Fuata Ridgeway. Ni njia ya kale inayopita migongoni mwa vilima, kilomita 139 kutoka karibu na Avebury hadi Ivinghoe Beacon, na watu wameitumia kwa miaka inayokadiriwa kufika 5,000. Sababu yake ni rahisi: chaki hunyonya maji, kwa hiyo juu palikuwa pakavu wakati mabondeni ni matope na msitu. Alama yake ni tunda dogo la mwaloni lililochorwa kwenye nguzo. Kutoka Streatley inakutoa kwenye barabara kuu, inapita mashambani, kisha inapanda hadi juu. Huko utakuta njia zinazochepuka kushoto, na vibao vya kuelekea Aldworth. Weka ramani ya Ordnance Survey kwenye simu, na uipakue nyumbani, kwa maana mtandao mabondeni hukatika.

Njia za mashambani huku ni haki ya umma hata zinapokatiza shamba la mtu binafsi. Mshale wa njano ni njia ya waendao kwa miguu, wa buluu ni ya farasi na baiskeli pia. Shemeji yangu alisita getini akaniuliza, "Mwenye shamba akitutoa mbio?" Hatakutoa, ukifuata njia. Ukikuta geti limefungwa, pita na ulifunge. Ukilikuta wazi, liache wazi. Ng'ombe wenye ndama wapitie mbali, wala usiingie katikati ya mama na mtoto. Vaa suruali ndefu na soksi: kwenye nyasi kuna kupe, na kupe wa huku huambukiza ugonjwa wa Lyme. Jikague jioni.

Viatu ndivyo vitakavyoamua siku yako. Chaki iliyonyeshewa huteleza kama sabuni. Buti za kutembelea au gambuti zinafaa, raba nyeupe haifai. Beba jozi ya pili ya soksi na mfuko wa plastiki.

Asiyeweza kupanda, mzee au mwenye magoti mabovu, apelekwe kwa teksi iliyowekewa nafasi tangu siku iliyotangulia. Usitegemee kuikuta inakusubiri stesheni Jumapili asubuhi.

Kanisa la Mtakatifu Maria

Anza na nje. Kuta ni za gumegume, yale mawe meusi magumu yanayochimbwa ndani ya chaki, maana mawe mazuri ya kujengea hayapatikani vilima hivi. Zunguka makaburini taratibu. Utaona mabaki ya mti wa yuu, mti wa kijani mwaka mzima ambao Waingereza wameupanda makanisani tangu kale. Huu unakisiwa kufikia miaka 1,000. Dhoruba ya miaka ya 1970 iliubomoa, na bado unachipua. Mweke mtoto mkono juu ya gome lake kabla hujamwambia umri.

Kwenye makaburi haya lipo pia la ukoo wa Sellwood. Emily Sellwood aliolewa na mshairi Alfred Tennyson mwaka 1850, na Tennyson alipojijengea nyumba kusini mwa nchi aliipa jina la kijiji hiki, Aldworth. Alifia katika nyumba hiyo mwaka 1892.

Na hapa majivu ya mshairi mwingine yalimwagwa: Laurence Binyon, aliyeishi karibu na Streatley na kufariki mwaka 1943. Mwaka 1914, vita vikiwa na wiki chache tu, aliandika shairi la kuwaomboleza waliouawa, na beti zake husomwa kila Novemba nchi nzima kwenye kumbukumbu ya askari. Mimi hutulia hapo muda mrefu. Vita hivyohivyo ndivyo vilivyowakusanya wapagazi wa Afrika Mashariki kwa maelfu wakabebeshwa mizigo hadi kufa. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi chao, Carrier Corps, na sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyowekwa mwaka 1927, ni ya vita hivyo. Ukisimama mbele ya jiwe la Binyon na jina la Kariakoo kichwani, hutajiona mgeni wa kumbukumbu hii.

Sasa mlango. Wengi hugeuka wakidhani umefungwa. Mlango wa kanisa la kijijini una pete nzito ya chuma: izungushe, usiisukume. Utasikia komeo la ndani likiinuka, kisha sukuma kwa bega. Ukishaingia funga, ndege wasije wakaingia wakashindwa kutoka. Mwanamume avue kofia. Mwanamke hana haja ya kujitanda, ingawa akijitanda hakuna atakayemshangaa. Ndani huwa baridi kuliko nje, hata Julai.

Kaa kwanza. Chagua benchi la nyuma, kaa dakika tano bila simu. Macho yanahitaji muda huo kuzoea mwanga hafifu, na moyo pia. Anayeingia na kamera mkononi huona mawe tu.

Kisha nenda kwa Majitu. Wenyeji wanawaita Aldworth Giants. Ni watu wa ukoo wa de la Beche, waliokuwa na ngome karibu na hapa, na sanamu zao zilichongwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 14. Hakuna kanisa la mtaa katika Uingereza lenye sanamu nyingi za zama hizo za ukoo mmoja kama hili. Wamelala chini ya matao yaliyochongwa ukutani. Kama umeona zidaka za nyumba za mawe za Lamu, zifikirie zimekuzwa mpaka mtu mzima anaenea ndani. Wengine wamelala katikati ya kanisa. Wanaume wamevaa deraya, na kuna wanawake kati yao.

Mtafute kwanza Sir Philip. Inasimuliwa kuwa alipita futi 7, na miguuni pake amechongwa mtumishi mfupi sana, ili ukubwa wa bwana wake uonekane zaidi. Halafu mtafute Sir Nicholas, aliyekuwa mlinzi mkuu wa Mnara wa London na mlezi wa mtoto wa mfalme Edward wa Tatu. Usiku wa mwisho wa Novemba 1340 mfalme alirudi ghafla kutoka vitani akaukuta mnara hauna ulinzi wa maana na Nicholas hayupo. Akamtia ndani. Baadaye alisamehewa, akapewa utawala wa Gascony, Ufaransa. Mtu niliyekuwa nikimpita kama jiwe lililovunjika pua akawa kwangu mtu aliyefumaniwa nje ya lindo.

Pua, mikono na miguu mingi imevunjika kweli. Lawama hutupiwa askari wa Bunge wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 17. Usiguse palipobaki.

Wanakijiji wa zamani waliwapa wanne majina ya utani: John Mrefu, John Mwenye Nguvu, John Asiyeogopa Kamwe na John Mwoga Daima. Huyu wa mwisho, kwa simulizi yao, alimwahidi shetani roho yake, azikwe ndani ya kanisa au nje yake. Alipokaribia kufa akaagiza azikwe ndani ya ukuta wenyewe, ambako si ndani wala si nje. Wasimulie watoto hadithi hii mkiwa mmesimama ukutani, si kabla. Kwetu Abunuwasi angempa mkono.

Malkia Elizabeth wa Kwanza naye husemekana alikuja kuyaona Majitu, amepakiwa nyuma ya farasi wa mmoja wa wakuu wake. Kwa hiyo watu wamekuwa wakifunga safari kuja hapa kwa karne nyingi kabla yako.

Picha zinaruhusiwa wakati hakuna ibada. Kabla ya kutoka andika jina lako kwenye kitabu cha wageni, na mji uliotoka. Tia sadaka: makanisa haya hayatozi kiingilio, na paa la karne hizo hugharimu pesa nyingi kulitunza. Mimi huweka kiasi kile nitakacholipia kinywaji cha kwanza pabuni.

Kama kuna ibada

Fika dakika kumi kabla. Mtu mlangoni atakupa kitabu cha nyimbo na karatasi ya ibada. Pokea, sema asubuhi njema, kaa katikati au nyuma ili uwafuatishe wengine kusimama na kukaa. Waumini wanaweza kuwa wachache kiasi cha kuhesabika kwa vidole. Hawatacheza wala kupiga vigelegele, na mahubiri yataisha kabla hujajiweka sawa. Ukimya wao si kuchoshwa na wewe.

Mwanglikana wa Muheza, Masasi au Zanzibar ataona mambo mengi anayoyajua, kwa sababu misheni ya UMCA iliyofika kwetu ilitoka kwenye vyuo vya Oxford na Cambridge na kanisa hilihili. Nimewahi kusema Sala ya Bwana kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, wao wakisema kwa Kiingereza, na tukamaliza pamoja. Wakati wa Ushirika, mkristo aliyezoea kushiriki kwao anakaribishwa. Asiyeshiriki aende na mikono imekingamana kifuani apate baraka, au abaki kwenye benchi. Yote mawili ni sawa. Baada ya ibada usikimbie. Mara nyingi kuna chai na biskuti, na hapo ndipo mtu atakayekuonyesha kaburi asilolijua mgeni anapopatikana.

Bell Inn

Nje, ng'ambo ya njia, kuna kisima cha kijiji chenye kipaa chake. Kimechimbwa kupita kwenye chaki mita zipatazo 100 kwenda chini, kwa sababu ileile iliyoiweka Ridgeway kavu: maji yote yamezama. Fikiria kuvuta ndoo moja ya kupikia.

Mlango wa pabu ni mfupi, inama. Ndani usitafute kaunta ndefu, haipo. Kuna kidirisha cha vioo, na nyuma yake mtu na mapipa. Unakwenda mwenyewe, unaagiza, unalipa hapohapo, unabeba kinywaji chako. Ukikaa mezani ukingoja mhudumu kama kwetu, utakaa hadi saa tisa. Usigonge kioo wala kupunga noti. Foleni haionekani kwa macho lakini kila mtu anajua nani alitangulia. Ukiulizwa wewe na kuna aliyekutangulia, mwoneshe yeye kwanza. Kitendo hicho kimoja kitakutambulisha vizuri kuliko maneno. Beba pesa taslimu kidogo hata kama una kadi.

Bia ya hapa itampa shida mtu aliyezoea swali la "baridi au ya moto?" Jibu ni wala hili wala lile. Ni bia ya pipa, hamira yake bado hai ndani, haikusukumwa kwa gesi, na hutolewa kwenye joto la pishi, nyuzi 11 hadi 13. Ikipozwa kama lager ladha yake hufa. Uliza: "Ipi nyepesi leo?" Omba nusu painti kwanza. Painti nzima ni mililita 568, inaizidi chupa yetu kubwa ya 500. Chama cha wapenzi wa bia ya namna hii, CAMRA, kilichoanzishwa mwaka 1971, kimeichagua Bell kuwa pabu bora ya mwaka ya nchi nzima mara mbili, 1990 na 2019, na ukionja taratibu utajua kwa nini.

Asiyekunywa pombe asione haya hata kidogo. Jamaa yangu wa Mombasa huagiza soda ya tangawizi, au maji ya soda yenye ndimu, na amekaa hapo saa mbili akizungumza na wakulima. Hakuna anayechungulia glasi ya mwenzake. Kama hutaki kukaa karibu na mbwa, kaa bustanini, maana pabu za mashambani nyingi huruhusu mbwa ndani.

Kwetu mtu mmoja hutoa ofa na wengine wakashukuru. Huku ni zamu. Ukikubali kinywaji katika kundi, umekubali kununua raundi yako pia. Ukitaka kunywa kimoja tu, sema tangu mwanzo kwamba utajinunulia. Bakshishi ya kila kinywaji haitolewi. Ukifurahishwa na huduma, mwambie muuzaji ajiwekee na yeye kimoja, ulipe.

Simu haipendwi humu. Izime uiweke mfukoni, mazungumzo ya simu katoke nayo nje. Hakuna muziki wa kumeza maneno, kwa hiyo watu huzungumza. Wa kuanza ni wewe au wao, na lango ni lilelile siku zote: hali ya hewa, njia uliyokuja nayo, mbwa wa mtu. Sema umetoka kuwaona Majitu. Kila mtu ana lake la kuongeza kuhusu John Mwoga. Usimwulize mtu mshahara, umri wala mbona hana watoto. Hayo huja baada ya miaka, au hayaji.

Chakula cha Bell ni skonzi za moto zilizojazwa, na supu. Nyingi hujazwa paja la nguruwe au jibini, kwa hiyo asiyekula nguruwe aulize na achague jibini. Tahadhari pia na vipakiti vya ngozi kavu ya nguruwe, vinavyoliwa kama krispi na kufanana nazo kwa mbali.

Anayetaka mlo mzito wa Jumapili aule Goring au Streatley, kwenye pabu kubwa zenye jiko, na aweke meza mapema wiki hiyo. Wanauita rosti, lakini usitegemee rosti yetu yenye nyanya na mchuzi mzito. Ni nyama nzima iliyookwa ikakatwa vipande, viazi vilivyookwa kwa mafuta, mboga, na kikombe cha unga na mayai kilichofura kiitwacho Yorkshire pudding, juu yake mchuzi wa kahawia. Desturi ilitokana na nyama kuachwa jikoni familia ikienda kanisani. Mwislamu au asiyekula ng'ombe aulize viazi vimeokwa kwa mafuta gani na mchuzi una nini, maana mafuta ya mnyama na mvinyo hutumika sana. Kuuliza hivyo ni kawaida kabisa.

Sheria mbili. Kununua pombe ni miaka 18 kwenda juu. Kijana wa 16 au 17 anaweza kunywa bia au mvinyo akiwa na mlo, pamoja na mtu mzima aliyemnunulia. Na mwenye gari asinywe kabisa. Kipimo cha England kinaruhusu miligramu 80 kwa mililita 100 za damu, lakini njia hizi ni nyembamba na zina kona, na atakayekutana na gari lako ni mtu anayetembea kama wewe asubuhi.

Kurudi

Saa tisa kasoro robo anza kufunga zipu. Rudisha glasi zenu kwenye kidirisha. Si lazima, ila ni adabu, na utaagwa kwa uchangamfu. Choo kiko nje, pitia kabla ya safari.

Kuteremka ni kwepesi kwa mapafu na kugumu kwa magoti, kwa hiyo nenda polepole kwenye chaki. Mkiwa na nguvu, pitieni Lardon Chase, malisho ya wazi juu ya Streatley yanayotunzwa na National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kale na mandhari. Kiangazi yamejaa vipepeo, na kutoka hapo mto, madaraja na vijiji vyote viwili vinaonekana kwa pamoja. Keti kwenye nyasi. Majira ya baridi msijaribu: shikeni njia mliyojia, muwe na tochi, au mwiteni teksi mliyoiweka awali.

Treni za Jumapili jioni ni chache, kwa hiyo ziandike mbili, ile unayoitaka na inayofuata. Badilisha soksi kwenye benchi la stesheni, buti ziingie kwenye mfuko wa plastiki. Mimi ile ya kwanza huiacha ipite mara nyingi.